Nusu ya Thumuni ya Inchi

"Lempi, mtu akitaka bunduki fupi, anaruhusiwa kuifupisha mpaka wapi?"

Swali hilo Arvid Kallio alimwuliza jirani yake mwezi wa nane, akiwa ameegemea mlango wa banda la mashine, mkono wa kulia umening'inia kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Alikuwa ametoka kupasuliwa bega. Lempi Rautio hakuinua hata kichwa. Alikuwa akifuta mafuta kwenye kerezo lake, ile mashine ya kuchongea chuma, kwa taulo kuukuu.

"Mtutu wa bunduki ndefu usipungue inchi kumi na sita," alisema. "Ukipungua hata unywele, na huna kibali cha serikali kuu, hilo ni kosa la jela. Mtu anafungwa, Arvid. Na akitoka hashiki tena bunduki mpaka anaingia kaburini."

"Nimekuuliza inchi, umenipa na mazishi."

"Nimekupa unachohitaji."

Ndivyo alivyokuwa Lempi. Ulikuwa humwulizi jambo la sheria ya bunduki ukapata jibu la neno moja. Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya kerezo katika karakana ya pampu za mgodi, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na tisa, na mgodi ulipofungwa, marehemu mumewe Urho alimnunulia mashine kuukuu ya karakana ileile wakaipachika bandani, kati ya jiko la kuni na dirisha linalotazama sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke. Urho alipofariki, yapata majira sita ya baridi sasa, mashine ndiyo iliyobaki kuzungumza naye. Alitengeneza vitu vidogo vya bunduki za zamani: skrubu ambayo kiwanda kimeacha kuitoa, mkono wa komeo, kijiti cha kulengea. Kwanza vya bunduki zake mwenyewe, kisha vya majirani.

Lakini kwa masharti. Hakupokea malipo, maana anayefanya kazi hiyo kwa biashara sharti awe na leseni, naye hakuwa nayo. Hakukubali bunduki ya mtu ilale kwake. Mwenye bunduki alikaa palepale kwenye kiti karibu na jiko, akanywa kahawa mpaka kazi iishe, akaondoka na mali yake. Wake za majirani walipomletea pasti, ile mikate ya kukunja yenye nyama na viazi, alikaa akajiuliza kama pasti ni malipo. Asubuhi yake alirudisha sahani ikiwa na mkate mtamu wa iliki, ili wawe sawa.

"Lempi," mke wa Arvid alimwambia siku moja mlangoni, "hata Mungu hakupimi hivyo."

"Mungu ana huruma," alijibu. "Mimi nina jalada tu."

Jalada hilo lilikuwa la kijani, limejaa karatasi za sheria alizozipigia mstari kwa penseli. Kila mwaka kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi wa kumi na moja, msimu wa kulungu unapofunguliwa na shule zinapofungwa kwa sababu hata walimu wanaingia msituni, watu wa klabu ya shabaha walileta bunduki zao kuzijaribu. Lempi aliketi kwenye meza karibu na mlango, na jalada, na ufito wa mbao. Unafunga komeo la bunduki, unaingiza ufito mtutuni mpaka ugonge, unatia alama mdomoni, unautoa, unaupima. Kazi ya dakika moja. Watu walipita mezani pake wakicheka, ila walipita.

Mwaka wa jana alipita Reino Pelkonen.

Reino alikuwa seremala wa milango, mtu wa maneno machache, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani. Alikuwa amenunua mtutu kwenye mauzo ya vitu vya marehemu fulani, akaufunga mwenyewe. Lempi aliupima mara ya kwanza, akaupima mara ya pili, akasimama. Angeweza kumvuta pembeni. Njia ilikuwepo, chumba cha kuhifadhia shabaha kilikuwa hatua tano tu. Badala yake alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye birika la kahawa, mbele ya watu thelathini:

"Reino, hii ni pungufu. Umekuja hapa na kosa la jela mkononi."

"Sikujua," Reino alisema. "Nilisahau kupima upya."

"Kusahau si utetezi. Chuma hakisahau."

Watu walicheka. Maneno yalikuwa yamekaa vizuri mdomoni, na Lempi mwenyewe alitabasamu kidogo, tuseme kweli. Reino aliivingirisha bunduki katika blanketi, masikio yamemwiva, akaondoka. Aliitengeneza kesho yake kama sheria inavyotaka. Lakini klabuni hakurudi, na kanisani baada ya ibada alianza kunywa kahawa yake amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa nje.

Haya basi. Arvid alitaka bunduki fupi kwa sababu bega halikubali tena mzigo wa mbele, na kibanda chake cha kuwindia ni kidogo, bunduki ndefu inagonga ukuta kila anapogeuka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Tangu ana miaka kumi na tisa hakuwahi kukosa siku ya kwanza ya msimu. Lempi alikubali. Walipatana inchi kumi na sita na robo.

"Kwa nini na robo?" Arvid aliuliza.

"Robo ni ya kulala usingizi."

Kazi ilifanyika mapema mwezi wa kumi, asubuhi ya Alhamisi, mvua ikinyesha na majani yakiwa yameshaanguka. Arvid aliketi kitini na kikombe chake, akimsimulia habari za mkwewe aliyenunua boti asiyojua kuiegesha. Lempi alikata, akalainisha mdomo wa mtutu, akaingiza ufito, akapima. Kumi na sita na robo. Akaandika kwenye kadi nyeupe kwa herufi zake za kiwandani: urefu, tarehe, L.R. Kadi aliiweka juu ya dirisha.

Simu ya Arvid ikalia. Alikuwa mkewe, na Arvid hasikii vizuri ndani ya banda, akatoka nje.

Hapo ndipo Lempi alipoutoa mtutu kwenye mashine, vidole vikiwa na mafuta, ukamponyoka. Haukuanguka mbali. Uligonga taya la jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, kwa mdomo, ukatoa mlio mmoja mdogo, akaudaka. Alipoutazama, ukingo ulikuwa umebonyea. Kovu la kina, upande mmoja.

Nje Arvid alikuwa akipiga kelele simuni, "Nasema viazi vipo! Vipo chini ya ngazi!"

Lempi hakumwita. Kuangusha kazi ya mtu ni jambo la wanagenzi, na yeye alikuwa amewafundisha wanagenzi hao. Aliurudisha mtutu kwenye mashine haraka, akatia kisu chembamba cha kukatia, akakata kipande chenye kovu. Kikaanguka kipete kidogo cha chuma kwenye sinia la vinyoleo, yale mabaki ya chuma kilichokatwa. Kwa jicho alikikadiria thumuni moja ya inchi, yaani sehemu ya nane, na nusu yake. Robo ni thumuni mbili. Bado ninabakiwa na nusu ya thumuni juu ya sheria, alijiambia. Akalainisha ukingo kwa jiwe, ukang'aa.

Arvid aliporudi, bunduki ilikuwa inafungwa. Kadi ilikuwa bado juu ya dirisha, imeandikwa robo. Sasa haikuwa robo tena, hata kwa hesabu yake mwenyewe. Lakini kuandika kadi mpya kulimaanisha kueleza. Aliichukua akaifunga kwa uzi kwenye kilinzi cha kifyatulio.

"Ni nyepesi kama ya mtoto," Arvid alisema akiipandisha begani, uso umemchanua. "Lempi, mikono yako ingefaa kuwekwa makumbusho."

"Nenda zako. Mvua inazidi."

Zikapita siku ishirini na tatu.

Jumamosi Lempi alikuwa na desturi ya kusafisha banda asubuhi, awashe sauna mchana, akaoge, ajitayarishe kwa Jumapili. Jumamosi hiyo alimwaga sinia la vinyoleo kwenye ndoo, na kipete kikadondoka sakafuni kikabiringika mpaka kwenye kiatu chake. Alikiokota. Akakipima kwa rula, bila sababu, mkono tu ndio uliozoea. Thumuni na nusu, kama alivyokadiria. Akafurahi kwamba jicho lake bado zima.

Akatazama kisu chembamba pale kilipokuwa bado kimefungwa kwenye mashine.

Kisu kina unene. Kinapopita kwenye chuma, kinakula unene wake, na kilicholiwa hakibaki kwenye kipete wala kwenye mtutu, kinageuka vinyoleo. Hilo mtu hufundishwa siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Unene wa kisu hicho ulikuwa thumuni moja kamili.

Thumuni na nusu, na thumuni moja. Mbili na nusu. Naye alikuwa na mbili tu za kutumia.

Aliketi kwenye kiti cha wageni. Mtutu wa Arvid ulikuwa pungufu ya inchi kumi na sita kwa nusu ya thumuni, na huo mtutu alikuwa ameutengeneza yeye, ameutia kadi yake, amempa mzee wa watu atembee nao barabarani siku ishirini na tatu.

Na jambo la kwanza lililomjia halikuwa Arvid mahakamani. Lilikuwa uso wa Reino Pelkonen akisikia habari hiyo. Alipogundua kwamba hilo ndilo lililotangulia, aliona aibu nyingine juu ya ile ya kwanza, na hiyo ya pili ilikuwa na uzito kuliko chuma.

Sauna hakuiwasha siku hiyo.

Alijua la kufanya. Ni kuvuka barabara, hatua mia na hamsini, kugonga mlango na kusema. Karatasi zote za jalada la kijani zilimwambia hivyo, na sala zake vilevile. Lakini alipopiga magoti jioni ile alijikuta hasemi na Mungu, anapatana naye bei. Bwana, fanya Arvid asitoke nayo wiki hii, nami nitalirekebisha kimyakimya. Nitamwambia nimeona kutu. Nitamwambia nataka kuitia mafuta. Nitatia mtutu mwingine, atakuwa na bunduki halali, nani ameumia? Alinyanyuka hana amani.

Jumapili aliimba kanisani bila kusikia maneno. Reino alikuwa nyuma, sauti ya chini, safi. Baada ya ibada Arvid alimpungia mkono toka meza ya keki, akaigiza mtu anayelenga bunduki, akafumba jicho moja. Lempi akatabasamu.

Jumatatu alikuwa jikoni anaosha vyombo. Gari la Arvid likapita, linaelekea klabuni, na kupitia kioo cha nyuma aliona mfuko wa bunduki. Arvid akapiga honi. Lempi akainua mkono wenye povu akampungia. Alisimama hivyo, mkono juu, mpaka gari likapotea kwenye misonobari. Mtu akizama ziwani unamrushia kamba, humpungii mkono. Alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mama wa miaka sitini na mmoja, akalia akiwa ameshika kitambaa cha vyombo.

Jumanne asubuhi alipiga simu.

"Arvid, niletee bunduki yako. Nataka kuitia mafuta kabla ya baridi kali."

"Mafuta? Ulitia."

"Nataka kutia tena."

"Wewe mama kweli una muda mwingi," Arvid alicheka. "Nakuja. Nakuja na mgeni."

Mgeni alikuwa Reino.

Waliingia bandani wakikung'uta theluji kwenye viatu, ya kwanza mwaka ule. Reino alivua kofia. Chini ya kwapa alishika bunduki katika blanketi lilelile. Lempi alikuwa ameandaa kahawa na mkate wa iliki kwenye meza ya kazi aliyoitandikia kitambaa, na mikono yake ikakosa pa kukaa.

"Nimemkuta nyumbani anachonga mlango," Arvid alisema. "Nikamwambia, Reino, utanuna mpaka lini? Twende."

"Sijanuna," Reino alisema.

"Umenuna mwaka mzima. Mpaka mbwa wako amenuna."

Reino alitazama sakafu, kisha akamtazama Lempi. "Nimekuja unipimie kabla ya msimu," alisema. "Nimeshapima mara nne mwenyewe, iko sawa. Lakini nataka upime wewe. Nisije nikaaibika tena."

Lempi aliwamiminia kahawa.

"Kwanza muone yangu," Arvid alisema, akaifungua bunduki yake juu ya meza kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Akageuza ile kadi nyeupe. "Soma hapo, Reino. Kumi na sita na robo, L.R. Kadi ya Lempi ni sawa na hati ya kiwanja."

Reino aliinama akasoma. "Kama ameandika Lempi," alisema, "sina haja ya kupima."

Lempi alikuwa amekwisha kutayarisha maneno ya kutu na mafuta. Alikuwa hata ameweka chupa ya mafuta mezani ili uongo uwe na shahidi. Lakini Reino alikuwa amesema vile bila kejeli hata chembe, mtu yuleyule aliyeaibishwa mbele ya watu thelathini. Lempi aliona kwamba akiuacha wakati huu upite, hatasema tena, si leo wala mwakani, na Arvid atabeba jela mgongoni kila msimu huku akimsifu.

"Kadi hiyo ni ya uongo," alisema.

Arvid alicheka. "Na mimi ni askofu."

"Arvid. Kadi hiyo ni ya uongo. Mtutu wako ni mfupi. Ni pungufu."

Alitoa kipete mfukoni mwa aproni, akakiweka mezani karibu na mkate. Akaeleza yote, bila kuwatazama: simu ya viazi, vidole vya mafuta, taya la jiliwa, kovu, kukata upya. Alipofika kwenye hesabu sauti ilipungua. "Kipete hiki ni thumuni na nusu. Kisu ni thumuni. Nilisahau kuhesabu kisu."

"Ulisahau kisu?" Reino aliuliza.

"Nilisahau."

"Hata mimi wa milango," Reino alisema polepole, akiwa anashangaa kweli, "sisahau unene wa msumeno."

"Najua."

"Pima," Arvid alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Lempi alimsogezea Reino ufito. Reino ndiye aliyefunga komeo, akaingiza ufito, akatia alama kwa ukucha wa kidole gumba na penseli, akaulaza kwenye rula. Kuni zilipasuka ndani ya jiko.

"Kumi na sita kasoro nusu ya thumuni," alisema.

Arvid aliiondoa mikono yake juu ya bunduki, kama imepata moto. "Nimeitembeza hii siku ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Umezihesabu?"

"Tangu Jumamosi."

Hakutaka kulisema hilo. Lilitoka lenyewe, na Arvid, ambaye hasikii vizuri, alilisikia.

"Jumamosi? Unajua tangu Jumamosi? Leo Jumanne, Lempi." Alisimama. "Jana nilikuwa nayo barabarani. Jana nimesimama kituo cha mafuta na askari wa wanyamapori, tunapiga soga, ananiuliza habari za bega langu, na hii iko nyuma ya kiti. Angesema tu, mzee, hebu tuione. Ningempa! Ningempa nikijisifu!"

"Najua. Nilikuona ukipita."

"Ulinipungia mkono."

"Nilikupungia."

Arvid alikisogeza kikombe cha kahawa mbele, mbali na yeye, bado kimejaa. Katika nyumba zile hilo ni tusi kubwa kuliko matusi, na Lempi alilipokea. "Na yale mafuta?" aliuliza.

"Uongo. Nilitaka kubadilisha mtutu usijue."

"Mama wa jalada," Arvid alisema. Hakusema kwa kupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

Reino alikuwa amesimama na ufito wake mkononi. Lempi alingoja. Alijua maneno gani yangekuja, kwa sababu alikuwa ameyatunga yeye mwenyewe, na alikuwa radhi yaje. Reino hakuyasema. Aliulaza ufito mezani taratibu, akamwuliza Arvid, "Nani tumpigie simu?"

Walimpigia mwanasheria mmoja mjini, mwanamke ambaye namba yake ilikuwa ndani ya jalada. Aliwaambia wautoe mtutu dakika ileile, bunduki isitoke bandani ikiwa imeungana, na usirudi mtutu mwingine ila wenye urefu halali. Kisha Arvid aende ofisini kwake kesho amweleze mwanzo mpaka mwisho, na Lempi vilevile, kila mtu peke yake. Lempi aliutoa. Mbele ya macho yao aliukata ule mfupi vipande vitatu, kazi ya asubuhi nzima ambayo Arvid aliisifia. Safari hii hakuna aliyezungumza habari za boti ya mkwe.

Mtutu mpya uliagizwa. Haukufika kabla ya tarehe kumi na tano. Arvid alikwenda kambini hivyo hivyo, kwa mara ya kwanza tangu ana miaka kumi na tisa akakaa jikoni akimenya viazi wakati wenzake wako msituni. Waliomwuliza aliwaambia bega linamsumbua. Kwa hiyo sasa hata Arvid, mtu mnyofu, alikuwa anasema uongo kwa ajili yake. Lempi alipelekewa habari hiyo na mke wa Arvid, ambaye alimrudishia sahani yake ikiwa tupu, akasimama mlangoni, hakuingia.

Mwanasheria alisema kwa maoni yake jambo limekwisha, maana hakukuwa na nia mbaya na lilirekebishwa. Kwake Lempi halikuwa limekwisha. Klabu ilikuwa bado haijui. Aliamua atasimama aseme, mwenyewe, mbele ya watu walewale waliomcheka Reino.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili baada ya ibada, wakati wa matangazo ya klabu kwenye ukumbi wa kahawa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna lingine. Lempi akasimama. Watu wakageuka na nyuso zao nzuri walizomzoea.

"Paa la choo cha wageni linavuja," alisema, akaketi.

Mara ya pili aliandika kwenye karatasi. Ilikuwa Jumamosi mchana klabuni, kikao cha kufunga msimu, theluji imefika magotini nje. Alikuwa ameikunja karatasi mara nne. Kabla hajainuka, mwenyekiti alitangaza kwamba mwaka mwingine umepita, watu wamewinda, hakuna aliyeumia wala kukamatwa, na kwamba wote wanajua ni nani aliyeketi kwenye ile meza miaka yote. Walimpigia makofi. Mtu mmoja alipiga mluzi. Mwingine alipaza sauti, "Chuma hakisahau!" na ukumbi mzima ukacheka, kwa upendo.

"Asanteni," Lempi alisema.

Alitoka kabla ya keki. Karatasi ilikuwa imelowa jasho mkononi. Kwenye maegesho Reino Pelkonen alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Alikuwa amekuja klabuni kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, akakaa nyuma, akaondoka waliposhangilia.

"Hujawaambia," Lempi alisema.

"Na wewe hujawaambia."

"Kwa nini umenyamaza? Una haki ya kusema kuliko mtu yeyote hapa."

Reino aliendelea kukwangua. "Nilitaka," alisema. "Jumapili ile nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa. Wangecheka mpaka Pasaka." Alipuliza vidole vyake. "Halafu nikaona unavyotetemeka, na habari za choo. Nikashindwa."

"Sikustahili unionee huruma."

"Sijasema ulistahili."

Upepo ulitoka ziwani ukaleta vumbi la theluji usoni mwao. Ndani waliendelea kucheka, na mtu alianza kupanga viti. Reino alifungua mlango wa gari, akasimama na mguu mmoja ndani, kwa sababu Lempi alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa ameshika ukingo wa mlango huo kwa mkono usio na glovu.

"Reino," alisema, "naomba uingie ndani uwaambie wewe. Mimi nimejaribu mara mbili nimeshindwa. Na uwaambie zile siku tatu nilizojua nikanyamaza pia, usiziache."